Rejesho la mkopo wa nyumba linalipwa kila mwezi, mbona malimbikizo yanapanda?

Mwenye swali
Wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua mikopo ya nyumba. Rejesho la mwezi mmoja lilichelewa siku 20. Tangu hapo kila rejesho limelipwa lote na kwa tarehe yake, lakini taarifa ya mkopo inaonyesha malimbikizo (deni lililopita tarehe yake), tena yanaongezeka. Kuna "ada ya kuchelewa" kila mwezi, "ada ya ufuatiliaji", na sasa "gharama za kisheria" wakati hakuna kesi yoyote. Mkopeshaji anataka mkopo upangwe upya, ada zote ziingie kwenye deni la msingi. Nisaini?

Mhesabu Riba
Usisaini kwanza. Fungua mkataba utafute kifungu cha jinsi malipo yanavyogawanywa, maana kwa maelezo yako shida inaelekea kuwa hapo. Mikataba mingi hukata ada kwanza, kisha riba, na deni la msingi huja mwisho.

Tuseme rejesho ni 1,000 na faini ya kuchelewa ni 5%, yaani 50. Mwezi wa pili ulichelewa, ukalipa 1,000 bila ile 50. Mwezi wa tatu umeleta 1,000 kwa wakati, lakini mfumo unachukua 50 ya faini, zinabaki 950. Rejesho limepungua 50, basi unaandikiwa umechelewa tena, faini nyingine 50. Mwezi wa nne mfumo unakata faini 50, unaziba pengo la 50 la mwezi wa tatu, na rejesho la mwezi wa nne linapata 900 tu. Ukifika mwezi wa saba una faini sita, jumla 300, na zote zimezaliwa na siku 20 za mwezi mmoja.

Dawa yake: andika barua au barua pepe (simu haitoshi) uombe mchanganuo wa kila ada: tarehe, kiasi, sababu, na namba ya kifungu cha mkataba kinachoiruhusu. Kwenye barua hiyohiyo omba zifutwe faini zote zilizotokana na faini ya kwanza, na uambatanishe risiti za miezi uliyolipa kwa wakati. Kisha lipa ile 50 ya kwanza peke yake, ukieleza kwa maandishi kwamba ni ya faini ya mwezi wa pili. Marekani kanuni inakataza kabisa faini inayotokana na faini iliyopita kwenye mkopo wa nyumba unayoishi. Angalia kama sheria ya unakoishi ina katazo la namna hiyo. Hata kama haina, hoja yenyewe ina nguvu, na mkopeshaji akionyeshwa hesabu mstari kwa mstari hapati pa kuikwepa.

Angalia pia riba ya adhabu, yaani riba ya ziada kwa aliyechelewa kulipa. Inatozwa juu ya malimbikizo tu au juu ya salio lote? Salio likiwa 80,000 na malimbikizo 2,000, adhabu ya 3% kwa mwaka ni 5 kwa mwezi ikihesabiwa kwenye malimbikizo, lakini ni 200 ikihesabiwa kwenye salio. Kosa hili hujificha kwenye neno moja la mkataba, kwa hiyo lisome mwenyewe.

Msoma Mikataba
Kuhusu gharama za kisheria: dai ankara ya wakili yenyewe. Iwe na tarehe na kazi iliyofanyika. Mara nyingi "gharama" ni barua moja ya onyo iliyotumwa na idara ya madeni, wala haijapita kwa wakili. Ada ya mthamini au ya kutembelea nyumba nayo iwe na ripoti nyuma yake. Ripoti ikikosekana, pinga.

Na bima ya nyumba, bado hai? Ikiisha, mkopeshaji hununua nyingine mwenyewe na kukuandikia wewe gharama. Kwa kawaida ni ghali kuliko ambayo ungeitafuta mwenyewe, na hulinda jengo tu, vyombo vyako havimo. Peleka cheti cha bima yako na udai urudishiwe gharama ya siku ambazo bima mbili zilikuwa hai kwa pamoja.

Mhesabu Riba
Nilisahau kuzungumzia suala la kuupanga upya mkopo. Ada za 600 zikiingia kwenye deni la msingi kwa riba ya 12% kwa mwaka, kwa miaka 15, utazilipa kama 1,296 hadi mwisho. Zaidi ya hapo, ukishasaini umekiri kwamba unadaiwa hizo ada, na kuzipinga baadaye ni kazi ngumu. Kwa hiyo ada zikaguliwe na zifutwe kwanza, ndipo mkataba mpya uandikwe. Kupanga upya si kubaya. Hatari ni kilichofichwa ndani yake.

Mwenye swali
Asanteni sana. Mwezi ujao kipato kitapungua. Nikitanguliza nusu ya rejesho, si itasaidia?

Msoma Mikataba
Uliza kabla ya kutuma. Wapo wakopeshaji wanaoweka malipo pungufu kwenye akaunti ya kusubiri hadi rejesho lote litimie, na katika muda huo malimbikizo hayapungui hata senti. Pata kibali cha maandishi kinachosema utalipa kiasi gani pungufu na kwa miezi mingapi, na kwamba katika miezi hiyo ada za kuchelewa zitasimamishwa. Usiombe punguzo la rejesho bila kutaja ada, maana moja haileti nyingine.

Kama makato hutoka yenyewe kwenye akaunti yako, yasitishe au usogeze tarehe yake, na ufanye hivyo siku kadhaa za kazi kabla ya siku ya makato. Yakigonga akaunti tupu unatozwa mara mbili, na benki yako na mkopeshaji, na mifumo mingine hujaribu tena baada ya siku chache ikakutoza upya.