Nyie mnaotuma matangazo ya TV kwa WhatsApp, mtatuua kwa presha

Wakuu, leo naomba niwachane watu maana nimechoka. Nafanya kazi kituo cha TV, mimi ndo napokea matangazo ya wateja na kuyaweka sawa kabla hayajaenda hewani, na vita ni ileile kila siku. Dizaina anakutumia video kwa WhatsApp, imeshakuwa vibokisi vitupu, ikiruka hewani anampigia bosi wake, bosi anampigia mkurugenzi wetu, eti "TV yenu picha mbovu". Mbovu ya kwetu au ya kwako?

Hivi mnajua hiyo video inapita wapi? Kamera imeshaikandamiza. Umeiediti ukaeksipoti, ikakandamizwa tena, WhatsApp nayo ikaibana, sisi tukaigeuza iingie kwenye seva, halafu ikienda kwa mnara inagawana njia na chaneli zingine kwahiyo inabanwa tena kabla haijafika kwenye king'amuzi cha mama yako. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Na wewe hapo umejaza vimulimuli na makaratasi ya kumeremeta yanadondoka nyuma ya logo, vitu vinavyobadilika kila fremu (kila picha moja ya video) ndo vinakula biti zote, yaani nafasi ya data ya video, zikiisha sura ya mtu inavunjika vunjika. Leta faili lenyewe kwa flashi au linki, au hiyohiyo WhatsApp litume kama dokyumenti, halitaguswa. Sisi tunataka HD ya megabiti 50 kwa sekunde wewe unaniletea mbili, unataka niziombee?

Haya, namba ya simu. Nani aliwaambia namba inakaa chini kabisa kwenye kona? Hapo umedizaini bango, TV sio bango. Skrini ni pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080, acha asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini, maandishi yasivuke hapo, na sio mimi nimejitungia, ndo kipimo cha umoja wa watangazaji wa Ulaya. TV nyingi zinakata kingo hata hizi za flati, mtu kanunua hajawahi kugusa setingi. Bado kuna TV za kichogo, king'amuzi kikiwekwa kujaza ile skrini ya karibu mraba zinaondoka pikseli 240 kushoto na 240 kulia! Kuna mwenye duka la fenicha kalipia tangazo msimu wa sikukuu, hela ndefu, tarakimu mbili za mwisho zikamezwa. Dizaina yuko zake kimya, aliyeitwa ofisini ni mimi.

Na maandishi mekundu juu ya bluu muache jamani. Video ya kurusha inabeba mwanga wa kila pikseli ila rangi inabeba moja kwa pikseli nne, sasa herufi zako nyembamba zinavuja pembeni zinakuwa uji. Mistari ya pikseli moja nayo hivyohivyo, sisi tunarusha nusu ya mistari ya picha, kisha nusu nyingine, mstari wako uko kwenye nusu moja tu kwahiyo unacheza cheza hewani. Ongeza unene, basi, kuna ugumu gani?

Mwingine kaeksipoti fremu 30 kwa sekunde wakati huku ni 25. Tunalazimika kutupa fremu 5 kila sekunde, maandishi yake ya kutambaa yanarukaruka, anauliza "mbona kwenye simu yangu iko smuzi?" Kwenye simu yako bro, ndo hapo hapo ulipoitazamia mwanzo mwisho. Hawa watu hawana hata TV ya kutestia ofisini ila kwenye invoisi wameandika "tangazo la TV", na wanalipwa kunizidi.

Wale wa video ya wima, ambayo kwetu inakaa kwenye upana wa pikseli 608 tu katikati halafu wanataka "tuivute ijae", nyie msijifiche, nawafungulia uzi wenu.