Monster, Blood on the Tracks au Bastard: ipi inaumiza zaidi? Nataka kuanza na moja

kalamu_ya_mkaa (mleta uzi)
Wakuu salama? Naombeni mawazo. Nimemaliza Death Note mwezi uliopita, ile manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), juzuu zote 12, nimezisoma usiku usiku mpaka macho yanawasha, na ni kali sikatai, ila nilipofunga ya mwisho nikajikuta sina kitu moyoni. Yaani kama nimekaa kibarazani naangalia wazee wawili wanacheza bao, kila mmoja anahesabu kete za mwenzake, unashangilia akili zao halafu unaenda zako kulala. Mle ndani wamekufa watu kibao na hakuna hata mmoja niliyemsikitikia.

Sasa natafuta ya kisaikolojia inayokukaa. Sio lazima initishe, ile tu unamaliza chapta halafu simu iko mkononi na hufanyi kitu.

Nimeulizia nimebaki na tatu. Monster ya Naoki Urasawa, juzuu 18. Blood on the Tracks ya Shuzo Oshimi, juzuu 17. Na Bastard ya Wakorea, hadithi kaandika Carnby Kim kachora Hwang Youngchan, hii ni webtuni ya kuskroli kwenye simu. Muda sina na bando la kuungaunga kwa hiyo nataka moja ya kuanzia. Spoila kubwa hapana tafadhali, msinitobolee siri za hadithi.

sindano_ya_pili
Monster. Mimi ni nesi wa thieta na naomba nikwambie kitu kimoja tu kutoka mwanzoni kabisa, sio spoila.

Daktari Tenma ni Mjapani, bingwa wa upasuaji wa ubongo, yuko Düsseldorf mwaka 1986, ana mchumba ambaye ni binti wa mkurugenzi wa hospitali, yaani mambo yake safi. Usiku mmoja analetwa kibarua Mturuki, kawahi kufika. Tenma anaambiwa muache huyo, nenda kampasue mwimbaji wa opera. Anaenda. Mwimbaji anapona, magazeti yanaandika, kibarua anakufa. Halafu mke wa yule marehemu anakuja kumpiga ngumi kifuani palepale hospitali, ana mtoto mgongoni au pembeni sikumbuki vizuri, ninachokumbuka ni kwamba Tenma hana la kumjibu.

Nilifunga simu pale. Sikusoma siku tatu. Kwa sababu mimi nimeshawahi kusimama kwenye korido namna hiyo, nimeambiwa na mkubwa wangu msogeze huyu mama nyuma kwanza kuna mtoto wa fulani anakuja, na nikamsogeza. Yule mama alipona alhamdulillah lakini sura yake bado ninayo.

Basi Tenma safari ya pili analetewa tena mtihani uleule, mtoto aliyepigwa risasi kichwani dhidi ya meya, na safari hii anakataa, anampasua mtoto. Anafanya haki. Miaka tisa baadaye ndio anakuja kujua kamwokoa nani. Sasa mwambie kakosea wapi? Mimi mpaka leo sijapata jibu na nimeisoma mara mbili.

mzee_wa_skrini
@kalamu_ya_mkaa achana na hao watu wa juzuu 18 ndugu yangu watakuzeesha. Soma Bastard.

Sababu ni kidole gumba. Sikiza. Kwa manga ya karatasi ukifungua ukurasa paneli zote, yaani vile visanduku vya picha, ziko mbele yako, unajifanya unasoma ya juu lakini jicho limeshaiba ya chini, ushajua nani kasimama mlangoni. Kwa webtuni hakuna wizi. Unashuka, nyeupe, unashuka, nyeupe, rangi inaanza kuwa nyeusi kidogo kidogo, na anayeshusha ni wewe mwenyewe, ukiacha kidole yule mtu hafiki. Mimi nimeshawahi kuweka simu kifudifudi juu ya meza nikaenda kunywa maji kwanza.

Na hadithi yenyewe: kijana anaitwa Jin, mgonjwa wa moyo, jicho moja la bandia, shuleni wanamuonea. Baba yake ni mfanyabiashara mkubwa, mtu wa misaada, kila mtu anamsifu. Nyumbani ndio muuaji, na anamtumia mtoto wake kama chambo. Haya unaambiwa mwanzoni tu, hawakufichi. Halafu anahamia msichana mgeni shuleni, Kyun, na baba anamuona. Basi. Kazi yote ni mtoto muoga kujaribu kumzuia baba ambaye anajua kila anachowaza.

Hao ndio waliokuja kufanya Sweet Home, ile Netflix waliigeuza tamthilia 2020. Lakini Bastard ndio yao bora, mazimwi ya Sweet Home hayafiki kwa yule baba akikaa tu mezani anakula.

shangazi_wa_Makorora
Mtoto wa watu kasema anataka ya KUUMIZA nyie mnampa ya kukimbizana. Blood on the Tracks ndio jibu. Imeanza 2017 ikaisha 2023, sasa imekamilika hutasubiri.

Hakuna muuaji anayezunguka mijini, hakuna polisi mwerevu. Kuna mama, Seiko, mzuri, mpole, anacheka. Mtoto wake Seiichi ana miaka 13. Kila asubuhi anamuuliza leo unakula andazi la nyama au la maharage matamu? Hivyo tu, swali la mama yeyote. Baada ya juzuu kadhaa lile swali la andazi linakusimamisha nywele.

Maneno machache mno. Chapta unaimaliza dakika tatu kwa sababu ni sura, sura, mkono, sura, jicho. Lakini zile dakika tatu hupumui.

kobe_wa_ilala
Dah ile ya mama anavyomsukuma yule binamu kule mlimani na

shangazi_wa_Makorora
@kobe_wa_ilala wewe. Kasema spoila hapana. Mistari sita tu alikuwa ameandika juu huko hukuiona?

kobe_wa_ilala
Samahani wakuu, nilijua kila mtu anajua maana iko mwisho wa juzuu ya kwanza tu 😂 lakini kiukweli hata ukijua haisaidii. Mimi niliambiwa kabla na bado nilipofika pale niliganda. Sio tukio lenyewe, ni uso wake baada ya pale.

kalamu_ya_mkaa
@kobe_wa_ilala Mungu anakuona.

fundi_rapidografu
Ngoja na mimi nichangie kama mtu ninayechora maana mnaongea hadithi tu, michoro mmeiacha.

Sisi tuliokulia kwenye gazeti la katuni la Sani, kina Ndumilakuwili, tulizoea katuni ya kucheka, uso unapanuliwa, macho yanatoka nje, unajua huyu kakasirika huyu kalewa. Hawa jamaa wanafanya kinyume. Urasawa uso wa Johan, yule kijana wa Monster, hauna kitu kabisa. Anaweka tabasamu dogo hivi, na kivuli kidogo, na kwa kuwa hakuna kitu usoni wewe ndio unajaza. Ubaya unaouona pale umeutoa kichwani kwako.

Oshimi yeye ni mistari. Mwanzoni safi, kaya ya kawaida, jua, majani. Kadiri mtoto anavyoharibikiwa ndivyo mistari inavyokuwa mingi, inakwaruza, nyuso za watu zinayeyuka, mengine huoni vizuri kwa sababu Seiichi mwenyewe haoni vizuri. Anapoanza kugugumia maneno hata maputo ya maneno yanakuwa magumu kusomeka. Hakuambii mtoto ana hofu, anakuvalisha macho yake. Nimejaribu kuiga mbinu hiyo kwenye daftari langu imenishinda, inaonekana uchafu tu.

Ila mimi bado kura yangu Monster kwa sababu ya watu wa pembeni. Tenma anaweza asionekane kabisa, unapewa mzee mmoja mlevi, au askari aliyestaafu, kurasa ishirini na kitu, unampenda, halafu hadithi inaendelea bila yeye. Yule Grimmer jamani. Mtu aliyelelewa kwenye kituo cha watoto cha 511 Kinderheim kule Berlin Mashariki, wakamtoa hisia zote, ikabidi ajifunze kutabasamu ukubwani kama mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli. Anacheka muda wote na hajui kucheka ni nini. Sisemi zaidi, ukifika kwake mwishoni utanikumbuka.

mzee_wa_skrini
Kwa hiyo tunakubaliana inachukua juzuu kumi kufika kwenye utamu 😅

sindano_ya_pili
Haichukui kumi. Kwanza kamaliza Death Note, huyu anasoma huyu. Na kama kusoma kunamchosha kuna anime, yaani katuni ya video, vipindi 74, imefuata kitabu karibu neno kwa neno.

tumbusi
Mimi nitapingana na wote. Blood on the Tracks inachosha. Nilifika juzuu ya 6 nikaona ni uso wa mama, uso wa mtoto, jasho, uso wa mama. Mimi nalipia hadithi silipii jasho. Na Death Note mnaionea, sio kila kitu lazima kikulize, mtu kuona kijana mwenye akili anageuka taratibu kuwa shetani huku anaamini ni mungu hiyo sio saikolojia? Mnataka machozi tu.

fundi_rapidografu
@tumbusi ni saikolojia, ila tunaiona kwa mbali. Light, yule kijana wa Death Note, anatueleza kila anachofikiria, maputo ya mawazo yamejaa ukurasa mzima. Mtu akikueleza kila kitu hubaki na kazi. Hii ndio tofauti yangu mimi.

hapa_na_pale
Nimesita kuandika hii, mods wakiona haifai waitoe.

Blood on the Tracks nilianza kwa kupendekezewa hivihivi kwenye uzi kama huu. Kuna sehemu msichana anamwandikia Seiichi barua, Seiichi anafurahi, mama anaiona. Halafu wanaichana pamoja. Mama hampigi, hamtukani, analia, anamkumbatia, na mtoto mwenyewe anashika upande mmoja wa karatasi.

Mama yangu hakuwahi kunipiga. Majirani wote wanajua alinipenda kupita kiasi, na ni kweli. Marafiki zangu walipungua mmoja mmoja, na kila aliyeondoka ni mimi niliyemfukuza kwa mdomo wangu. Nina miaka 31 sasa. Kwetu mama hasemwi, pepo iko chini ya nyayo zake, ukifungua mdomo tu unaambiwa omba radhi. Kwa hiyo sikuwa na maneno ya kitu hicho, sikujua hata kama ni kitu. Nikaja kukiona kwenye katuni ya Wajapani, paneli haina neno hata moja.

Sisemi usisome. Soma. Ila usisome kama uko peke yako na siku ni mbaya.

shangazi_wa_Makorora
Pole sana mwanangu. Na asante kwa kuandika. Mimi ni mama wa watoto watatu na ile sehemu ya barua niliisoma nikiwa upande wa Seiko, nisidanganye. Nilijiuliza mara ngapi nimelia mbele ya watoto ili wafanye ninachotaka. Ndio maana nasema hiyo ndio inayoumiza.

mzee_wa_skrini
@hapa_na_pale pole ndugu. Utani pembeni, sasa nimeelewa kwa nini hata Bastard ilinishika. Jin anajua namba ya polisi. Hashindwi kupiga kwa sababu ya woga tu, ni baba yake. Kama muuaji angekuwa mtu baki hadithi ingeisha chapta ya pili.

sindano_ya_pili
Na Tenma vivyo hivyo, yule ni mgonjwa wake, kamrudishia uhai kwa mikono yake. Anabeba bunduki kwenda kumuua mtu aliyemshona mwenyewe. Watu wote hawa tatizo lao ni mtu wasiyeweza kumshitaki.

tumbusi
Haya nimerudisha maneno kidogo. Juzuu ya 6 nilisoma kwenye daladala nimesimama, labda haikuwa mahali pake.

mie_wa_Maskati
Kwa wanaotaka karatasi, Monster iko toleo la Perfect Edition, wameunganisha mbili mbili zikawa juzuu 9, kurasa nzito nzuri. Mie ninazo zote, zimekula pesa lakini sijuti. Bastard iko kwenye app ya Webtoon kwa Kiingereza, imeisha zamani. Kwa mwenye bando dogo pakua ukiwa na waifai, picha za rangi zinakula sana.

kobe_wa_ilala
Bastard kula bando kweli, mimi nilikuwa nasoma kazini kwa waifai ya bosi.

kalamu_ya_mkaa
Asanteni sana wote, @hapa_na_pale kwa heshima zote asante. Nimeamua naanza Blood on the Tracks, halafu Monster nitaiweka likizo. Bastard nitaisoma katikati ya siku, mzee_wa_skrini umenitisha na hicho kidole.

kalamu_ya_mkaa
Mrejesho. Siku tatu zimepita. Nimefika juzuu ya 4. @kobe_wa_ilala ulikuwa sahihi, kujua hakusaidii.

Leo asubuhi nilikuwa nasoma kitandani, mama akagonga mlango akauliza nikuwekee chai ya maziwa au ya rangi. Mama yangu mimi, mtu wa watu, hana baya. Nimechelewa kujibu mpaka akafungua mlango kuangalia kama naumwa.

shangazi_wa_Makorora
Ukasema ipi?

kalamu_ya_mkaa
Ya rangi. Yeye kaleta ya maziwa 😶