Téboursouk na Dougga, Tunisia: kwenda na kurudi siku moja inawezekana?

Muuguzi_Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Mwezi wa nne naenda Tunis kwa mkutano wa wauguzi, na mama yangu ananisindikiza. Mkutano ukiisha tutakuwa na siku moja ya kutembea. Kila ninayemuuliza ananiambia Carthage, lakini mimi nimevutiwa na mji mdogo unaoitwa Téboursouk, na magofu ya Dougga yaliyo karibu nao. Tunaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kukodi gari? Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo msinifiche kuhusu milima na mawe. Na tukifika, kitu gani tusikikose?

Mwalimu_Suna

Dada, nendeni. Mimi nafundisha historia huku Migori na nimefika Dougga. Ningepewa nafasi tena ningerudi kesho.

Kutoka Tunis ni kama kilomita 110, barabara ya kwenda Le Kef. Magari ya abiria wanayaita louage: ni meupe, yana mstari ubavuni, na hayaondoki mpaka yajae, kama matatu zetu, ila hayana konda. Damkeni mapema, maana asubuhi yanajaa haraka na jioni ya kurudi huwa ya kubahatisha. Mkishuka Téboursouk, chukueni teksi ya kuwapandisha Dougga na mpatane na dereva kabisa saa ya kuja kuwachukua. Msimwachie aende hivi hivi.

Mji wenyewe usiupite tu. Kule juu kuna kuta za ngome ya Wabizanti (Warumi wa mashariki), na nyumba za watu zimejibana pembeni yake. Mizeituni imeuzunguka pande zote.

Sasa Dougga. Wengi hukimbilia Kapitoli, hekalu la miungu ya Warumi Jupiter, Juno na Minerva lililojengwa mwaka 166 au 167, wakapiga picha wakaondoka. Ni zuri kweli, silikatai. Lakini nakusihi ushuke hadi chini kabisa mteremkoni, kwenye kaburi la mnara. Lina urefu wa mita 21 hivi, ghorofa tatu, na kileleni amekaa simba. Lilijengwa na Wanumidia, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, karne ya 2 kabla ya Kristo, mji huu ukiwa wao, Warumi bado hawajautawala. Watoto darasani huniuliza kama Waafrika wa kaskazini walijenga kitu chao wenyewe kabla ya Roma. Jibu limesimama pale.

Na lina kisa cha kuuma. Kaburi lilikuwa na jiwe lenye maandishi ya lugha mbili, Kipuniki (lugha ya watu wa Carthage) na Kinumidia. Mwaka 1842 balozi mdogo wa Uingereza mjini Tunis, Thomas Reade, alilibomoa kaburi ili alichukue jiwe hilo. Mnara mnaouona leo ni mawe yaliyopangwa upya na Mfaransa Louis Poinssot kati ya 1908 na 1910. Jiwe lenyewe liko London mpaka sasa, kwenye British Museum. Ni kwa kulinganisha lugha zile mbili ndipo wataalamu walipoanza kuzisoma herufi za Kinumidia. Mimi naona mahali pake ni Dougga, na nitalisema hilo popote.

Msafiri_Nakuru

Mwalimu amemaliza. Mimi naongezea mawili. Njiani mtapita Testour, mji uliojengwa na Waislamu waliofukuzwa Hispania mwanzoni mwa karne ya 17. Mnara wa msikiti wake mkuu una saa ambayo mishale yake inazunguka kinyumenyume. La pili ni pesa: dinari ya Tunisia hairuhusiwi kutoka nchini, kwa hiyo badilisheni kidogo kidogo, msije mkabaki na noti uwanja wa ndege.

Muuguzi_Kisumu

Asanteni sana, Mwalimu na Msafiri. Mwalimu, huko chini kaburini, mama atafika kweli?

Mwalimu_Suna

Kushuka atashuka, kupanda ndiko kuna kazi. Lango kuu liko juu, karibu na ukumbi wa michezo wenye nafasi ya watu 3,500. Anzeni hapo, mama akae kwenye ngazi zake aangalie bonde, kwa sababu lenyewe linatosha kumlipa safari. Kutoka hapo hadi Kapitoli si mbali, ingawa mawe ya njia hayako sawa. Viatu viwe vya soli ngumu, si ndara. Kivuli ni kidogo sana, bebeni maji na kofia.

Kando ya Kapitoli kuna kiwanja cha mawe. Inama uangalie sakafu: wamechora duara kubwa na kuandika majina ya pepo 12, kila upepo upande unakotokea. Mmoja unaitwa Africus. Hata mama akiishia hapo atakuwa ameona kitu ambacho wengi wanakikanyaga bila kujua. Wewe ndiye ushuke kaburini, yeye akungojee.

Kapitoli nayo itazame ubavuni, si mbele tu. Kuta zimejengwa kwa nguzo za mawe makubwa yaliyosimamishwa, katikati pakajazwa mawe madogo. Ndio ujenzi wa Afrika Kaskazini, mafundi wa pale pale. Mimi nimekulia karibu na Thimlich Ohinga, kuta zilizopangwa bila udongo wala saruji, na zile kuta za Dougga niliziangalia kwa muda mrefu kuliko hekalu lenyewe.

Jambo la mwisho: mkipata saa chache Tunis kabla ya safari, piteni makumbusho ya Bardo. Picha za vijiwe vya rangi zilizokuwa sakafuni mwa nyumba za Dougga zimehamishiwa huko, ikiwemo ya Ulysses, shujaa wa hadithi za Wagiriki, amefungwa kwenye mlingoti wa jahazi. Mkianza na Bardo, mkifika Dougga mtajua kila sakafu tupu ilikuwa imebeba nini. Ulizeni hotelini siku wanazofunga.

Muuguzi_Kisumu

Basi Bardo Ijumaa mchana baada ya mkutano, Dougga Jumamosi alfajiri. Mama ameshaanza kutafuta kofia.