Msaada: mpigo wa 1.5π kwenye mvuke wa rubidi unafuatwa na vipigo visivyoeleweka

mwale795: Wakuu, naomba ushauri. Naiga kwa Python mpigo wa leza wa nm 795 ukipita kwenye mvuke wa rubidi-87, milinganyo ya Maxwell (ya mwanga) na Bloch (ya atomu), atomu ya ngazi mbili. Mpigo wa Gauss, eneo (pembe ambayo mpigo huizungusha hali ya atomu) 1.5π, upana τ = ns 4, umezaji wa mvuke wote αL = 5. Doppler (tofauti za masafa zitokanazo na kasi za atomu) nimeigawa makundi 41, kutoka −1 hadi +1 GHz. RK4 (Runge-Kutta, ukokotoaji wa hatua kwa hatua), hatua ns 0.08, dirisha ns 100, ulegevu (atomu kupoteza msisimko) nimeuzima. Eneo linapanda kuelekea 2π kama McCall na Hahn walivyoonyesha 1967, lakini kila baada ya ns 20 kinazuka kipigo kidogo. Ndiyo mpigo unagawanyika?

Kioo_Nusu: Haugawanyiki, mkuu. Kugawanyika kunaanzia juu ya 3π. 4π ndiyo hutoa viwili vya 2π. Hizo ns 20 ni za gridi yako: makundi yameachana MHz 50, na 1/MHz 50 ni ns 20. Atomu zote zinarudi kwenye awamu moja kwa pamoja, kitu ambacho mvuke halisi, wenye kasi zisizo na ngazi, haufanyi baada ya mpigo mmoja. Kwa dirisha la ns 100 nafasi iwe chini ya MHz 10. Weka MHz 8, yaani makundi 251. Marudio yatasogea hadi ns 125, nje ya dirisha.

dipoli_moja: Na hatua ya ns 0.08 ni kubwa mno. Usiipime kwa τ, ipime kwa kundi la pembeni kabisa: GHz 1 ni radiani 0.5 kila hatua. RK4 hapo inakula vekta ya Bloch (hali ya atomu, yenye sehemu u, v na w) kidogo kidogo, na mwisho wa dirisha u²+v² ya kundi hilo imepungua karibu robo. Shuka hadi ns 0.02, kisha chora u²+v²+w² kwa kila kundi, ibaki 1.

Halafu jaribu msimbo kwa tan(θ/2) = tan(θ₀/2)·e^(−αL/2), θ₀ ikiwa eneo linaloingia na θ linalotoka. Ukiingiza 0.9π itoke 0.30π, ukiingiza 1.5π itoke 1.95π. Zikikataa zote mbili, kagua kigawo cha 2 kwenye Ω (masafa ya Rabi, kasi ambayo mwanga huizungusha atomu): Ω = dE/ħ, d ikiwa dipoli ya atomu na E uga wa leza, ni pale E ikiwa kilele cha kosaini. Kwa Gauss ya exp(−t²/τ²), eneo ni Ω₀τ√π.

mwale795: Asanteni sana. Nikilinganisha na vipimo vya maabara?

Kioo_Nusu: Kwanza rudisha ulegevu: ngazi ya juu ya D1 (mpito wako wa nm 795) huishi ns 27.7, kwa hiyo T2 (muda wa atomu kushika awamu) haizidi ns 55 na hata 2π itapoteza nishati. Pili, mwale una kingo. Katikati 2π, pembeni chini ya π, na pembeni humezwa. Pima kupitia tundu dogo katikati ya mwale, la sivyo wastani utaficha kila kitu. Tatu, ngazi ndogo za Zeeman (zinazotenganishwa na uga wa sumaku) zina dipoli tofauti, hivyo mpigo mmoja unakuwa na maeneo kadhaa. Slusher na Gibbs walitumia uga mkali wa sumaku kutenga mpito mmoja. Bila hilo, usitegemee 2π safi.

dipoli_moja: Pima na ucheleweshaji. Kwa mpigo wa umbo la sech (umbo la 2π iliyotulia) kwenye mstari mpana wa Doppler, ni αLτ/2, kwako kama ns 10. Osiloskopu ya MHz 500 inauona vizuri.