Naomba ushauri: edita gani inafaa laptopu ya GB 4?

Habari zenu wakuu. Nipo Mbagala, najifunza Python (lugha ya kuandikia programu) usiku, mchana naandika mauzo na orodha za bei za duka la shemeji Kariakoo. Laptopu ni ileile moja, ya mtumba, RAM GB 4.

Kwa edita, yaani programu ya kuandikia msimbo na maandishi, nimekuwa natumia Visual Studio Code. Ni nzuri, sibishi. Lakini imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna injini nzima ya kivinjari, na mashine yangu haina kifua hicho. Nikiweka na Chrome pembeni, feni inalia kama bodaboda inayopanda mlima. Naandika "print", herufi zinatokea vidole vikiwa vimeshapumzika.

Nikaonja Notepad++. Nyepesi, ya bure, ipo tangu 2003. Juzi umeme ulikatika (betri yangu ilishakufa), nikawasha tena nikakuta bei za vitenge zipo vilevile, na sikuwa nimehifadhi. Hapo ikaniteka. Tatizo ni ya Windows, nami nataka kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine.

Jirani yangu ni mtu wa Vim, edita nyingine. Nilijaribu, nikahangaika kutafuta mlango wa kutokea mpaka aliponiambia nibonyeze Esc, kisha niandike :q! Nilicheka, ila kasi yake inatamanisha.

Sasa, mnaotumia mashine dhaifu kama yangu: nivumilie Vim, au Geany, edita nyingine nyepesi, inatosha? Na mnatumia edita moja kwa kila kitu, au ya programu mbali na ya kazi za kawaida mbali?