Tupeane uzoefu: tranka la bibi, unabakisha nini na unakitunzaje?

Mjukuu wa Korogwe
Wadau, habari za jioni. Nyumba ya marehemu bibi inapangishwa mwisho wa mwezi, na ukoo umenikabidhi tranka lake la bati. Ndani kuna picha za studio, kadi ya TANU ya babu, vipande vyake vya kazi vya shamba la mkonge, kanga, kaseti na senti zenye tundu. Wajomba wanasema choma. Shangazi hataki hata karatasi moja itoke. Mliopitia haya, mlianzaje? Na mnavitunza vipi na joto hili letu?

Mzee wa Mkonge
Wajomba waweke mbali na kiberiti kwanza. Tandika mkeka, upange kwa mtu: vya babu huku, vya bibi kule. Ukitenga picha peke yake na karatasi peke yake, umeshampoteza mwenye navyo. Hicho kipande kitazame vizuri. Kilikuwa na nafasi 30, kila siku ya kazi inatiwa alama, na mshahara ulikuja kikishajaa. Nilimwonyesha shemeji yangu cha baba yake, akaona ule mwezi uliokaa bila kujaa, papo hapo akakumbuka mzee alipougua mguu.

Mwaka kama haukuandikwa, utafute kwenye kitu chenyewe. Kadi ya TANU haiwezi kuwa ya kabla ya 1954, wala ya baada ya Februari 1977 chama kilipoungana na ASP ya Zanzibar ikawa CCM. Mhuri wa studio ukisema Tanganyika, picha yaelekea ni ya kabla ya 1964 au jirani na hapo (wenye studio hawakutupa mhuri mzima kwa sababu nchi imebadili jina). Senti zenye tundu ni za ile shilingi ya Afrika Mashariki, kabla Tanzania haijatoa yake 1966. Usizisugue kwa limau na majivu! Maandishi yanalika, na wakusanyaji wa sarafu hawazitaki zikishasuguliwa.

Shangazi mketishe kwenye huo mkeka na daftari. Huyo ndiye anayejua nani ni nani.

Mama Leso, Mombasa
Mimi nasemea leso tu, ndizo hizo kanga zenu. Za mama hazikuharibiwa na wadudu, ziliharibiwa na mikunjo. Zilikunjwa palepale miaka yote, zikaja kukatika kwenye mstari. Sasa kila Ramadhani ikiisha nazikunjua, nazipunga upepo kivulini, kisha nazikunja kwa mstari mwingine. Zilizochoka nazizungushia yale mabomba ya karatasi ngumu ya maduka ya vitambaa, ukiomba wanakupa. Toa pini zote. Leso isiguse bati, doa la kutu halitoki. Tandika shuka jeupe la pamba. Naftalini funga kwenye kitambaa, na tranka lisikae chumba cha watoto. Wengine hutia mwarobaini na karafuu, si vibaya, bora majani yawe makavu kabisa, la sivyo umejiletea kuvu.

Na uandike majina ya leso, yale maneno yake, na nani alimpa nani. Katika za mama iko moja alomnunulia mke mwenziwe, akaghairi kuitoa. Jina lake silitaji hapa, watu wanajuana.

Jirani wa Mchwa, Dodoma
Tranka lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Pandisha kwenye matofali, acha upenyo wa mkono nyuma, njia ya udongo ya mchwa uione ikianza. Sisi tulikuta vyeti vya mzee vimebaki pembe tu, na bati kwa nje zima kabisa. Walipita kwenye tundu la bawaba.

Dada wa Temeke
Mbona rahisi, peleka makaratasi yote stesheneri wakalamineti kwa plastiki, umemaliza.

Karani Mstaafu
Dada, hapana! Ile mashine ni ya moto, na ikishapita hakuna kurudi nyuma. Kama karatasi ilikuwa na unyevu, umeufungia humo humo. Na cheti cha kuzaliwa kilicholaminetiwa kuna ofisi hukikataa. Bahasha za karatasi zinatosha, kabati likiwa la chumba cha ndani, si ukuta unaopigwa na mvua. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa bairo hujitokeza mbele. Albamu za kurasa zenye gundi na nailoni zitoe picha mapema, gundi ile inazigeuza njano. Iliyonata pitishia uzi wa kusafishia meno kwa chini, taratibu.

Mswahili wa Muscat
Kaseti zisisahauliwe. Kwetu ndugu wa huku na wa Unguja walikuwa wakirekodi salamu badala ya kuandika barua. Ninayo ya nyanya anataja waliozaliwa na waliofariki, jogoo anawika, anamfukuza, anaendelea. Kabla ya kucheza, tazama utepe kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu, itachafua na redio. Ukiwa safi, uzungushe kwanza hadi mwisho na urudishe. Ganda likivunjika, utepe unahamishiwa ganda lingine lenye skrubu. Halafu waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, urekodi yote bila kupunguza. Binamu yangu alimkata jogoo, mpaka leo hatujamsamehe.

Mjukuu wa Korogwe
Asanteni sana. Kuna picha kubwa ya harusi imegandia kioo cha fremu. Niivute?

Karani Mstaafu
Usithubutu, sura zitabaki kwenye kioo. Toa ubao wa nyuma tu, ipate hewa kivulini. Kisha ipige picha na kioo chake, nje kwenye kivuli, bila flashi, simu ikae sambamba nayo. Mtu ashike kanga nyeusi mbele yako, simu tu ndiyo ichungulie, usijione kwenye kioo. Utakayochapisha ndiyo utundike sebuleni, na safari hii fundi aweke ukingo wa kadibodi kati ya picha na kioo.