Ushauri: braketi gani zinafaa kutundikia spika kwenye ukuta wa nyumba ya kale, Kibokoni?

Bint Kibokoni ameandika:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mpangaji katika ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu nimenunua seti ya spika tano na subwufa (ile spika ya sauti nzito) kwa ajili ya sebule, ambayo ina upana wa mita 3.4 na urefu wa mita 4.6. Spika ya kati itakaa chini ya televisheni na subwufa itabaki sakafuni. Shida yangu ni zile nne zilizosalia, ambazo kila moja ina uzito wa kilo 4.5 na upana wa sentimita 17. Stendi za sakafuni sizitaki, kwa kuwa nina watoto wawili wanaoparamia kila kitu, hata pazia.

Dukani nilionyeshwa braketi za aina tatu. Ya kwanza ni ya plastiki yenye kifundo cha mviringo kinachozunguka kila upande, ya pili ni ya chuma yenye mkono na makucha mawili yanayoibana spika ubavuni, na ya tatu ni kijirafu tu cha chuma. Muuzaji aliniambia kwamba zote zinabeba kilo 15, na jibu hilo ndilo lililonitia shaka, maana sioni vipi vitu vilivyotofautiana hivyo viwe na nguvu sawasawa. Nyuma ya spika mna kitobo kimoja cha kuangikia msumari, hamna tundu la skrubu lenye hesi, na juu yake mna tundu kubwa la kutolea hewa. Mwenye nyumba ameniruhusu kutoboa, mradi nisimharibie ukuta. Naomba mnisaidie kuchagua.

Abu Nyali amejibu:

Waalaykumu salaam, dada. Nunua zile za plastiki, ni rahisi na hazishiki kutu. Zangu ziko ukutani mwaka wa tatu sasa.

Mpenda Sauti amejibu:

Ndugu Abu Nyali, spika zako zina uzito gani? Nauliza kwa sababu zile braketi za kifundo zimetengenezwa kwa spika ndogo za kilo 1 au 2, tena zenye tundu la hesi mgongoni, na dada ameeleza wazi kwamba zake hazina tundu hilo. Asije mtu akamshauri alitoboe yeye mwenyewe: kasha la spika limekusudiwa lipitishe hewa kwenye tundu lake maalumu tu, na ukilitoboa pengine, sauti nzito hubadilika na dhamana ya dukani hupotea.

Kitobo cha msumari nacho kinaifanya spika igande ukutani bila kugeuka, na lile tundu la hewa la nyuma linazibwa. Spika ya namna hiyo inahitaji nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati yake na ukuta, kwa sababu ukuta ulio karibu huzidisha sauti nzito hata maneno yakasikika kama yanatoka ndani ya mtungi. Kwa hiyo ningechagua ya makucha, mradi makucha yafunguke hadi sentimita 17 na yawe na mpira ndani. Kijirafu kingefaa pia, lakini spika iliyowekwa tu juu ya rafu huhamahama kwa mtetemo, na kwa nyumba yenye watoto sikubaliani nacho.

Kuhusu mahali pa kuziweka, mwongozo unaotumika duniani, ule wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano) unaoitwa BS.775, unataka spika mbili za mbele ziwe nyuzi 30 kulia na kushoto kwa msikilizaji, na zile za pembeni ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Kochi lako limegusa ukuta wa nyuma?

Abu Nyali amejibu:

Nimezipima: kilo 1.3. Nauondoa ushauri wangu.

Bint Kibokoni ameandika:

Ahsanteni. Ndiyo, kochi limegusa ukuta wa nyuma. Pia jirani amenishauri niziweke spika za pembeni juu kabisa, karibu na boriti za dari, kama kwenye ukumbi wa sinema.

Mpenda Sauti amejibu:

Ukumbi wa sinema una safu nyingi za viti, na spika zake huinuliwa ili aliyekaa kando asipigwe na sauti sikioni huku wengine wakiikosa. Wewe una kochi moja. Mtu aliyeketi masikio yake huwa kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, kwa hiyo spika za mbele ziwe na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kwenye usawa huo, na za pembeni zipande kidogo, mita 1.3 hadi 1.5 hivi, zikiinamishwa kumtazama msikilizaji. Ukiweza kulivuta kochi mbele nusu mita, spika za pembeni zitapata mahali pake kwenye kuta za ubavuni, nyuma kidogo ya kichwa. Usipoweza, ziweke kwenye kuta hizo hizo, ubavuni mwa masikio kabisa; si makosa makubwa.

Fundi wa Changamwe amejibu:

Dada, nimesoma yote na naona mnazungumzia spika na braketi ilhali swali liko ukutani. Nimefanya kazi katika nyumba kadhaa za Mji wa Kale na nitakueleza nilichokutana nacho.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na juu yake kuna lipu ya chokaa ambayo mahali pengine ni nene kwa sentimita 3. Plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, ya urefu wa sentimita 4, ile inayokuja ndani ya paketi ya braketi, inaishia kwenye lipu, na lipu haishiki kitu. Nunua plagi za milimita 8 na skrubu za urefu wa sentimita 8, ili sentimita 5 nzima ziingie kwenye jiwe. Mashine ya kutoboa iwekwe kwenye kuzunguka tu, bila kugonga, kwa sababu kule kugonga kunabomoa lipu na kulipasua jiwe laini, ukaishia na shimo ambalo ungeweza kutia dole gumba. Tumbawe lina vitundu vyake vya asili, kwa hiyo ukiona keekee imezama ghafla, pahame kwa sentimita kadhaa, usipalazimishe.

Sasa zile kilo 15. Hizo ni za chuma chenyewe, si za ukuta wako. Mkono wa braketi unaisogeza spika mbali na ukuta, tuseme uzito wake unakaa sentimita 25 mbele, na skrubu ya juu na ya chini kwenye braketi ndogo zimeachana kwa sentimita 6. Zidisha 4.5 kwa 25, kisha gawanya kwa 6: skrubu ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya karibu kilo 19, mchana na usiku, huku ikitetemeshwa. Mtoto akining'inia hapo, sitaki hata kuipiga hesabu. Ndiyo maana unapochagua braketi, itazame kwanza ile sahani inayogusa ukuta. Yenye sahani ndefu na mkono mfupi ndiyo yako, hata ikiwa rangi yake haipendezi.

Neno la mwisho ni kutu. Skrubu za manjano zilizopakwa zinki hazidumu kwa upepo wetu wa bahari, hasa dirisha likifunguliwa msimu wa kusi. Tafuta za chuma cha pua, na ukizipata za daraja la 316, lenye molibdeni ya kupambana na chumvi, ni bora kuliko 304. Mafundi wa boti kule Mtwapa huwa nazo. Nenda na sumaku: skrubu ikinata kwa nguvu, si chuma cha pua cha aina unayoitaka, ingawa sumaku haitakutenganishia 304 na 316.

Mzee wa Kuze amejibu:

Mwanangu, fundi amesema kweli, nami nitaongeza la kizamani. Usiifunge braketi kwenye ukuta. Chukua ubao mgumu wa unene wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 40, uufunge huo kwenye ukuta kwa skrubu nne zilizoachana, kisha braketi uifunge kwenye ubao. Ukihama, mwenye nyumba anaziba matundu manne membamba kwa chokaa, wala asizibe kwa saruji, kwa kuwa saruji hailingani na ukuta wa chokaa na inafungia unyevu ndani.

Tena, kama sebule yako ina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, usishawishike kuzitia spika humo. Mimi nilijaribu. Kidaka kinavuma.

Fundi wa Changamwe amejibu:

Shikamoo, mzee wangu. Wazo la ubao nimelipenda, na hesabu inaliunga mkono: skrubu za juu na za chini zikiachana kwa sentimita 30, basi hata tukiuongeza unene wa ubao, mvuto wa juu unashuka kutoka kilo 19 hadi karibu kilo 4, na skrubu mbili zinaugawana. Kwa ukuta wa matumbawe sina jibu bora kuliko hilo.

Bint Kibokoni ameandika:

Shikamoo, mzee. Leo asubuhi nimetoboa tundu moja la majaribio nyuma ya kabati: lipu ilitoa unga mweupe laini kwa sentimita 2 na nusu, kisha keekee ikakutana na jiwe. Mwenye nyumba ameukubali ubao, na kochi nimelivuta sentimita 40, ambayo ndiyo nafasi niliyoipata. Nitanunua braketi za makucha zenye sahani ya sentimita 14 na mkono unaokunjika. Nimebakiwa na maswali mawili: nyaya nitumie za unene gani, na je, kuna haja ya kamba ya usalama?

Mpenda Sauti amejibu:

Kwa chumba hicho waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha, ila uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba huharibika upesi penye chumvi. Kamba ya usalama ni lazima kwako. Ifunge kwenye skrubu ya pekee iliyo kwenye ubao, isiwe kwenye braketi yenyewe, kwani braketi ikianguka itaondoka na kamba yake.

Fundi wa Changamwe amejibu:

Na usitoboe mahali palipo wima juu au chini ya swichi au soketi yoyote, hata ukiona nyaya nyingine zimepita nje ya ukuta.

Mzee wa Kuze amejibu:

Ubao upake rangi pande zote kabla ya kuupandisha, na usiusahau mgongo wake, maana huo ndio utakaonyonya unyevu wa ukuta masika yakija.